Naomba ushauri: mwanangu haongei shuleni tangu tuhamie nchi ya kigeni

Ndugu zangu, miezi 4 iliyopita mimi, mwenzangu na watoto wetu wawili, wa miaka 5 na miaka 2, tulihamia nchi ya kigeni, na ingawa masuala ya vibali na makazi yamekamilika, maisha ya kila siku bado hayajatulia.

Kinachonisumbua zaidi ni huyu mkubwa. Nyumbani anazungumza kama kawaida, lakini shuleni, ambako lugha ni ngeni kwake, hatamki neno hata moja. Mwalimu wake anasema kwamba anafuata maelekezo, na kwamba watoto wengi wanaojifunza lugha ya pili hupitia kipindi cha kunyamaza, wakisikiliza kwanza kabla ya kuthubutu kusema. Ninamwamini, ila inaniuma sana kumwona mwanangu akirudi na machozi.

Jamaa mmoja ametushauri tuache kuzungumza Kiswahili nyumbani ili mtoto azoee upesi. Mimi sikubaliani naye, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha anayoitumia kueleza hofu zake na kuzungumza na bibi yake kwa simu, na sisi wenyewe lugha hii mpya hatujaimudu.

Mdogo naye sasa huamka mara kwa mara usiku, nasi hatuna ndugu wa kutupokea hata kwa saa moja.

Naomba waliopitia hali hii wanieleze: ukimya huo ulichukua muda gani kwa watoto wenu, mlimsaidiaje mtoto kupata rafiki wa kwanza, na mligawanaje malezi mkiwa wawili tu?