Mustang ya 1968: nijenge upya 289 yake au nitafute 5.0 na gia tano?

MwanaPangani
Wakuu, salaam. Nahitaji mawazo yenu kabla ya Jumapili. Hapa Columbus, Ohio, kuna mzee anauza Mustang ya 1968, milango miwili, paa la bati. Chini ya boneti kuna V8 (silinda nane) anayosema ni 289, yaani ujazo wa inchi za ujazo 289, ila imeganda, haizunguki. Nimegawanyika: niishushe niijenge upya, silinda zichongwe, pistoni na ringi mpya, au niachane nayo nitafute 5.0 (V8 ya lita 5.0) ya Mustang za 1987 hadi 1993 na giaboksi yake ya T5, ya mkono yenye gia tano? Kazi nitafanyia nyumbani. Nina mashine ya kuchomelea na winchi ya kuazima. Nani amepita njia hizi?

FundiSaidi_Houston
Mkuu, umeuliza swali na kuficha kila kitu. Otomatiki au ya mkono? Anataka bei gani? Bajeti yako jumla? La kwendea kazini kila siku au la wikendi? Kutu ikoje? Na namba ya chasi je? Kwa 1968 iko juu ya dashibodi upande wa abiria, inasomeka kupitia kioo cha mbele. Alama ya tano ndiyo injini iliyotoka nayo kiwandani: C ni 289, J ni 302 (lita 5.0 za zamani) ya kabureta ya midomo minne, S ni 390, T ni silinda sita. Bila hiyo tunabahatisha.

MtotoWaKisauni
Mimi sihitaji kusubiri herufi. Jenga 289. Kabureta yake ya Autolite 2100 unaifungua mezani kwa bisibisi, unaisafisha, unarudisha, gari linawaka. Ukitia 5.0 umebaki na sura ya Mustang tu. Zingatia jambo moja: kamshafti ya zamani ni ya tapeti bapa (zinazosuguana nayo moja kwa moja), inataka oili yenye zinki ya kutosha. Siku ya kuwasha mara ya kwanza usiiache ikinguruma taratibu. Ishike juu ya mizunguko 2,000 kwa dakika kama 20 hivi, la sivyo kamshafti inalika siku hiyohiyo.

Kamau_StPaul
Kisauni, umejibu mwenyewe. Injini ya kubembelezwa na oili maalumu ya nini? 5.0 za 1987 hadi 1992 zina kamshafti ya rola (tapeti zake zina vigurudumu) na nguvu farasi (hp) 225. Usizilinganishe na 195 za 289 ukadhani tofauti ni 30. Enzi zile walipima injini ikiwa peke yake kwenye stendi. Hizi 225 zimepimwa na vifaa vyake vyote vikiwa vimefungwa. Mimi hata ningeacha ya Mustang nikatafute 5.0 ya Ford Explorer za 1996 hadi 2001. Hedi zake (vichwa vya silinda) za GT40 zinapumua vizuri. Angalia tu, kuanzia katikati ya 1997 ni GT40P, plagi zake zimekaa pembe nyingine na zinagombana na hedazi (mabomba ya egzosi) nyingi.

MwanaPangani
Samahani wakuu. Mzee anataka dola 6,500. Bajeti yangu 12,000 gari likiwemo. Otomatiki. La wikendi. Namba inaanza 8F01T. Halafu nimekuza picha nilizopiga: kila rimu ina nati nne.

FundiSaidi_Houston
Simama hapo hapo. F maana yake limetoka kiwanda cha Dearborn, na T ni silinda sita. Nati nne zinathibitisha kwamba aliyeweka V8 hakugusa chini. Silinda sita zilikuja na breki za drum za inchi 9 mbele, difu nyepesi ya inchi 7.25, na viungo vya usukani vyembamba kuliko vya V8. Hata ungetia injini ipi, unahitaji spindo za nati tano, breki za diski mbele na difu ya inchi 8. Hiyo ndiyo pesa yako ya kwanza. Na mzee hawezi kukutoza bei ya V8 ya kiwandani.

MtotoWaKisauni
Kwenye breki nakubaliana nawe mia kwa mia. Ila pia asome namba za bloki, ubavuni karibu na stata. Mzee kusema 289 si ushahidi, inaweza kuwa 302.

DadaSpana
Mbona hakuna anayetaja kurudisha silinda sita? Ile 200, lita 3.3, krenki yake imekaa kwenye beringi saba, ni imara sana. Chini ya gari pameshatengenezwa kwa ajili yake. Kwa bajeti hii angemaliza kazi akaendesha.

Kamau_StPaul
Dada, mtu anaota V8 unampa silinda sita?

DadaSpana
Nampa gari linalotembea. Gereji ngapi zina V8 iliyotenguliwa vipande, mwenyewe kaishiwa?

Lushois_Dallas
Ndugu yangu, ukichagua 5.0 sikiliza yaliyonipata. Nilinunua injini ya 1990, nikapeleka kwenye karakana moja hapa wanifungie klachi. Wakafunga flaiwili ya injini ya zamani. Inaingia vizuri kabisa, mashimo yanalingana. Lakini 289 na 302 za zamani zimesawazishwa kwa aunsi 28 (kipimo cha uzito wa kusawazisha kwenye flaiwili), na 5.0 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni aunsi 50. Nikiwasha, gari linatulia. Nikifika mizunguko 2,500, kioo cha ndani kinatetemeka mpaka sioni nyuma. Karakana wakasema ni mauntini za injini, nikanunua. Wakasema ni propela, nikalipia isawazishwe. Wakasema ni giaboksi, ikashushwa. Mzee mmoja mstaafu aliipindua flaiwili, akatazama uzito wake na kusema hii si ya injini hii. Wakati huo sili ya nyuma ya krenki ilikuwa imeanza kuvuja. Waya za plagi nazo mwanzoni walizipanga kwa mfuatano wa zamani, 1-5-4-2-6-3-7-8, wakati 5.0 ya Mustang ya kamshafti ya rola ni 1-3-7-2-6-5-4-8, ikawa inapiga chafya kwenye kabureta. Pesa sikurudishiwa. Na sampu (bakuli la oili chini ya injini) ubadilishe pia: ile ya 5.0 ina matumbo mawili, la nyuma linagonga viungo vya usukani vya gari lako.

MwanaPangani
Pole sana, nimeandika yote. Ndoto yangu ni siku moja kulipeleka nyumbani. Likishukia Mombasa nalivusha hadi Tanga, au vipi?

MtotoWaKisauni
Kenya usilisajili, utaumia. Gari lililozidi miaka 8 hawapokei, na usukani wa kushoto ni kesi nyingine. Shushia Dar moja kwa moja.

Kamau_StPaul
Dar nako kuna ushuru wa uchakavu. Atalipa juu ya mengine yote.

FundiSaidi_Houston
Jamani, bado hajalinunua. Pangani, nenda na jagi la maji. Mimina kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, mwenzako alale chini ya dashibodi na tochi. Pakivuja, kutu imekula ndani, na kupafikia lazima utoboe vidoti vya welding uvue bati zima la juu. Kagua na taro za shokapu za mbele (minara ya bati inayoshika shokapu) kama zina nyufa.

MwanaPangani
Nimetoka huko sasa hivi. Upande wa dereva maji yalishuka kwa kasi na vipande vya kutu, zulia likalowa. Upande wa abiria pakavu. Taro sikuona ufa, ila zimepakwa rangi nyeusi nzito. Mzee ameshuka hadi 4,800.

Lushois_Dallas
Rangi nyeusi mahali hapo? Rudi na brashi ya waya kabla ya kutoa hela.

Kamau_StPaul
Kwa 4,800 mimi nalibeba. Explorer hata yadi ya kwetu ipo moja.

DadaSpana
Muulize mzee kama ile silinda sita bado anayo.