Kustaafu mbali na mji: Newala au Rondo?

Wakubwa, shikamooni. Mwakani ninastaafu, nami natafuta ekari chache za faragha, niishi kwa umeme wa jua na maji ya mvua. Je, nichague Newala, mkoani Mtwara, au Rondo, mkoani Lindi, huku kusini mwa Tanzania?

Jibu: Marahaba. Newala ina ubaridi mzuri, ila maji ni mtihani, kwa kuwa mvua huzama mchangani na chemchemi ziko chini ya mteremko, ndiyo maana watu hujenga visima vya saruji vya kukingia maji ya paa. Mvua ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, hivyo tangi dogo litakuadhiri Septemba. Mimi hugonga ubavu wa langu kila asubuhi nisikie maji yameshuka wapi.

Jibu: Usimlipe mtu pesa za shamba kienyeji, chini ya mkorosho. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi ya kijiji, basi anzia kwa mtendaji wa kijiji.

Jibu: Nilijaribu Rondo, masika yakakata barabara nikiwa na homa. Sasa ninaishi karibu na Ndanda, penye hospitali ya misheni, na faragha bado ninayo.