Tupeane uzoefu: ulitafutaje kitu mtandaoni hadi ukakipata?

Mleta mada
Wakuu, habari zenu. Naona watu wengi wanatafuta mara moja tu, wakikosa wanasema "mtandaoni hakuna". Mara nyingi kipo, ila hawajajua kukiita.

Naanza na langu. Mashine ya kufulia iligoma katikati ya kazi, maji yamejaa, kioo kidogo kinawakawaka herufi na namba. Nikaandika Google: "kwa nini mashine yangu ya kufulia haitoi maji". Nikaletewa kurasa za kuuza mashine mpya. Nilihangaika karibu saa nzima. Mwishowe nikafungua mlango wake na kuchungulia pembeni, nikakuta kibandiko chenye namba ya modeli. Nikaandika namba ile, nikaongeza herufi za kosa kama zilivyo kwenye kioo, nikamalizia na filetype:pdf ili niletewe mafaili ya PDF tu. Tokeo la kwanza lilikuwa mwongozo wa mtengenezaji mwenyewe. Sikuusoma wote. Nilibonyeza Ctrl na F, nikaandika lile kosa, nikapelekwa moja kwa moja: chujio la pampu limeziba. Nilifungua kifuniko cha chini, nikatoa sarafu moja na kifungo cha shati, maji yakatoka.

Tangu siku hiyo siandiki swali lililo kichwani mwangu. Naandika maneno ambayo mwenye jibu lazima aliyatumia alipokuwa anaandika. Yule wa mwongozo hakuandika "mashine yangu imegoma", aliandika namba ya kosa.

Haya, karibuni. Wewe ulipataje chako?

Fundi wa kompyuta
Naunga mkono. Kwenye kazi yangu nanakili ujumbe wa kosa neno kwa neno na kuuweka ndani ya alama za kunukuu, hapo Google inatafuta maneno hayohayo kwa mpangilio huohuo. Lakini kwanza ondoa kilicho chako peke yako: jina lako na jina la folda yako. Ukiviacha humo hutapata kitu, maana duniani hakuna mwingine mwenye folda hiyo. Hapo ndipo vijana wengi ninaowafundisha wanapokwama.

Nyingine ni alama ya kutoa. Nilikuwa najifunza lugha ya programu ya Python, kila nikitafuta picha naletewa chatu. Nikaandika python -snake, nyoka wakapungua sana. Alama ishikane na neno, usiache nafasi katikati.

Mwanafunzi wa tasnifu
Mimi nilikuwa napoteza usiku mzima kutafuta makala moja moja. Msimamizi wangu akanikalisha chini, akanionyesha kitu kimoja kwenye Google Scholar, Google ya kutafuta makala za kitaaluma: chini ya kila makala kuna orodha ya waliokuja kuinukuu baadaye. Kwa hiyo ukipata makala moja nzuri, marejeo yake yanakurudisha nyuma, na orodha ile inakusogeza mbele hadi utafiti wa juzi. Sura yangu ya pili yote ilitokana na makala moja ya 2009.

Tahadhari kwa wanaotumia roboti za mazungumzo: niliomba makala tatu, nikapewa tatu zenye vichwa vizuri kabisa. Mbili sikuzipata popote. Ukipewa jina la makala, litafute kwanza ndipo uliamini.

Mama wa wawili
Langu ni la kuumiza. Nilitafuta namba ya huduma kwa wateja ya benki yangu, nikapiga ile ya juu kabisa. Lilikuwa tangazo, na aliyepokea hakuwa wa benki. Aliongea kwa upole, akaniomba namba ya siri, nikampa. Fedha za ada za watoto zikaondoka. Siku hizi nasoma namba iliyochapwa nyuma ya kadi. Jamani, matokeo ya juu yenye alama ya tangazo yamelipiwa yakae pale, kuwa juu hakuthibitishi kwamba ni ya kweli.

Mleta mada
Pole sana dada, na asante kwa kulisema hadharani. Niongeze: kabla ya kubonyeza, angalia anwani. Jina halisi la tovuti ni lile lililo mara tu kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://. Matapeli hulitanguliza jina la benki mwanzoni, kisha jina lao likafuata mwishoni.

Msomaji wa usiku
Naomba msaada. Marehemu baba aliwahi kuandika makala kwenye tovuti ya chama cha taaluma yake. Linki ninayo kwenye barua pepe aliyonitumia, lakini nikiifungua naambiwa ukurasa haupo. Tovuti yenyewe imeshafungwa.

Mpenda mimea
Nikiwa nasubiri mwenye jibu lako, niseme langu kwa ufupi. Kutafuta mmea kwa jina la Kiswahili kunaniletea machache, tena mengi ni ya wauza dawa. Nafungua ukurasa wake wa Wikipedia, nachukua jina la kisayansi. Mwarobaini ni Azadirachta indica. Ukiandika hilo, milango ya lugha zote inafunguka.

Fundi wa kompyuta
Msomaji wa usiku, usiifute hiyo barua pepe. Nenda web.archive.org, ni Wayback Machine ya Internet Archive. Wanahifadhi nakala za kurasa tangu 1996, na umma umeweza kuzisoma tangu 2001. Bandika linki yote kama ilivyo. Ukiona kalenda yenye tarehe zilizozungushiwa duara, hizo ndizo siku ukurasa uliponakiliwa. Ukikosa, futa kipande cha mwisho cha anwani ubaki na jina la tovuti, kisha uingie kama msomaji wa enzi zile, kiungo kwa kiungo.

Msomaji wa usiku
Linki yote haikuleta kitu. Nimefanya ulivyosema, nimebaki na jina la tovuti, nimeingia kwenye ukurasa wa matoleo ya zamani. Makala ya baba ipo. Picha hazifunguki ila maneno yote yapo, na jina lake liko chini ya kichwa. Nimeshaihifadhi kwenye simu na nimewatumia wadogo zangu. Mama ananiambia nimsomee sasa hivi.