Nimeandika karatasi ya namna ninavyotaka kujifungua. Nimpe nesi au niichane?

Mama Latifa (Mikindani):

Habari zenu wapendwa. Nina mimba ya pili, wiki ya 34, na ndani ya nyumba kuna mahakama tatu.

Latifa nilimpata kwa kupasuliwa, miaka minne iliyopita. Alitanguliza matako. Usiku ule nililetewa karatasi nisaini, nikasaini huku mkono unatetemeka, sikuelewa hata mstari mmoja. Nikachomwa sindano ya mgongo. Miguu ikafa, ila masikio yalikuwa mazima: wale waliokuwa wananipasua walikuwa wanabishana bei ya mnada wa korosho juu ya tumbo langu. Hakuna aliyeniambia mtoto katoka mpaka nilipomsikia analia mwenyewe. Sitaji hospitali, na Latifa ni mzima, namshukuru Mungu. Lakini ile bei ya korosho sijaisahau.

Sasa mama yangu kateremka kutoka Newala na unga wa mhogo na chupa ya mizizi aliyoifunga kwenye khanga. Yeye kazaa saba, mmoja chini ya mkorosho, na kila mgeni akija lazima aambiwe. Ananiambia, "Safari hii utazaa, siyo utolewe mtoto." Wifi yangu wa Dar naye anapiga simu kila Jumapili: bima ipo, panga tarehe, ukatwe, uchungu wa nini karne hii? Mume wangu kanyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo mahakama ya tatu.

Mimi nikachomoa karatasi kwenye daftari la Latifa la mistari mipana, nikaandika. Mama awe nami leba. Niachwe nitembee, nisilazwe chali tangu mwanzo. Ikibidi kupasuliwa, niambiwe kwanza sababu, kwa Kiswahili. Wasiniongezee njia bila kunieleza. Mtoto nipewe kifuani akitoka, hata kama ni thieta. Mume wangu aliposoma akasema, "Nesi atakuona mjuaji, atakununia usiku kucha."

Kuna aliyewahi kupeleka karatasi ya hivi huku kwetu? Ilikuwaje?

Wa Chuno:

Shoga, beba beseni, mpira wa kulalia, glavu, pamba, nyembe na khanga sita. Njia ikifika sentimita nane hata jina la mumeo utalisahau, sembuse karatasi. Mie nilipanga kutopiga kelele. Nilisikika mpaka getini.

Mkunga Mstaafu, Masasi:

Mama Latifa, mwanangu, karatasi usiichane. Ila usiipeleke leba saa nane za usiku wakati nesi yuko mmoja na akina mama watano. Pale hata ningekuwa mimi ningeiweka chini ya kikombe cha chai. Ipeleke kliniki wiki hii, isomwe mchana na watu waliolala. Mpango wa kujifungua hukuuleta wewe wala wifi yako wa Dar, ni jambo la kuzungumzwa kila mjamzito anapohudhuria. Tatizo tunaujaza haraka: utajifungulia wapi, nani atakusindikiza, basi.

Kutaka mtu wa kukaa naye na kutaka kutembea siyo ujuaji. Shirika la Afya Duniani limeyapendekeza hayo kwenye mwongozo wake wa mwaka 2018. Ila ukute wodi ina vitanda vinavyotazamana, pazia moja limechanika, hapo mama yako ataruhusiwa na mumeo atabaki kwenye benchi. Usigombane nao kwa hilo.

Sasa nikuulize nisichokiona kwenye karatasi yako. Ulipopasuliwa, mfuko wa uzazi ulikatwa vipi? Usiniambie kovu la tumboni limelala, maana kovu la ngozi halisemi la ndani. Tafuta karatasi uliyopewa siku ya kuruhusiwa. Kama mfuko ulikatwa chini kwa kulala, na sababu ilikuwa mtoto kukaa matako na huyu wa sasa ametanguliza kichwa, daktari anaweza kukukubalia ujaribu njia ya kawaida, na wengi wanaojaribu hufanikiwa. Kama ulikatwa wima juu, usijaribu, panga upasuaji na wifi yako ashangilie.

Na hata ukikubaliwa, siyo zahanati, siyo nyumbani. Ni hospitali yenye thieta na damu, kwa sababu kovu linaweza kuachia uchungu ukiwa umekolea, na hapo tunahesabu dakika. Maumivu yasiyokatika hata uchungu ukipumzika, damu kutoka, mtoto kuacha kucheza: usisubiri kuche.

Ile chupa ya Newala. Mama yako namheshimu, rika langu huyo. Lakini dawa ya kuongeza uchungu kwenye mfuko wenye kovu ni kuukaba shingo. Mimi nimewahi kumpokea mama aliyekunywa. Sitaeleza zaidi.

Korosho Ghafi (Tandahimba):

Mimi ni mwanaume, mnisamehe kuingia. Dada, karatasi yako ina kila kitu isipokuwa gari na damu. Mke wangu alitokwa na damu baada ya kuzaa vizuri kabisa, kwa njia ya kawaida, mtoto kashafungwa kitovu na mimi nishapigia watu simu za hongera. Nikaambiwa niite ndugu waje kuchangia damu. Usiku, msimu wa korosho, ndugu wote wako mashambani na simu zimezima. Alichangia dereva wa bodaboda aliyenileta, nisiyemjua hata jina. Andika majina mawili ya watu wa kuchangia na namba zao. Na namba 115 ya usafiri wa dharura wa wajawazito mumeo aiweke kwenye simu leo. Ni bure.

Bint Lindi:

Naomba niseme kwa niaba ya sisi "tuliotolewa mtoto". Nimepasuliwa mara mbili. Ya kwanza kwa dharura, ya pili nilichagua mwenyewe, na sijutii, sikuwa na moyo wa kurudi kwenye saa thelathini zile. Mama mkwe alikuja na maji ya moto ya kunikanda, akaona mshono, akayamwaga uani. Akasema sasa atakanda nini. Mwezi mzima sikuweza kuinua ndoo na yeye anahesabu. Kwa hiyo wifi yako asikudanganye kwamba kisu ni starehe, na mama yako asikwambie hujazaa. Mimi kila nikipiga chafya wiki ile nilijua nimezaa.

Mkunga Mstaafu, Masasi:

Bint Lindi, pole, na mwambie mama mkwe mgongo na miguu vinakandika. Ila kama unataka wa tatu na wa nne, zungumza na daktari mapema. Kila upasuaji unaongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishika kwenye kovu, na hilo ndilo wanaopanga tarehe kwa simu hawaambiwi.

Mama Latifa (Mikindani):

Nimerudi. Asanteni wote. Karatasi niliyopewa siku ya kuruhusiwa na Latifa tumeipata kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya pikipiki. Chini, kwa kulala. Huyu wa sasa katanguliza kichwa. Daktari kasema tutajaribu, ila wiki ya 38 niwe nimeshahamia kwa shangazi yangu, karibu na hospitali.

Nesi wa kliniki alisoma yangu yote. Kwenye "kwa Kiswahili" alicheka mpaka akaita mwenzake. Halafu akachukua stepla, akaibana kwenye kadi. Chini yake nimeongeza gari na damu: shemeji na kaka yangu, na namba zao.

Chupa mama kaihamishia juu ya kabati. Jana nilipanda kigoda nikaiangalia, haijafunguliwa. Sijamuuliza, na yeye hajasema.