Naomba ushauri: mbao ninazovalisha biki zinapasuka, na tarehe 2 mwezi wa 7 inakaribia

Mkerezaji wa Birere
Jambo yenu wote. Mimi niko Goma, nakereza mbao za kuvalisha biki (kalamu za wino) za kawaida, zile za bei ya chini za dukani, pamoja na krayo (penseli). Natoboa kipande cha mti, naingiza biki nzima kwa gundi, halafu nakereza mpaka inakaa vizuri mkononi. Ikitoka kwenye kerezo inapendeza. Lakini siku ya tatu nasikia "ta!" juu ya meza, nikiangalia, ufa umetoka mdomoni mpaka katikati. Na ambazo hazijapasuka, wino unakatika kabla ya kumaliza ukurasa. Nifanye nini? Silali.

Mama Ushindi
Pole mwanangu. Mimi nauza vifaa vya shule soko la Virunga. Shida si mti, ni biki za bandia. Binti yangu alirudi siku moja shati lote bluu mfukoni. Nilifua kwa limau, nikafua kwa maziwa, alama iko mpaka leo. Nunua biki za kweli.

Mwana Sake
Mimi nauliza tu: wino ukiisha, koti la biki linarithiwa na nani?

Fundi wa Katindo
Mkerezaji, ni mti gani, na ulikatwa lini?

Mkerezaji wa Birere
Mama, biki ni za kweli, nazinunua mwenyewe. Fundi, ni mti mgumu wa hapa hapa kwetu.

Fundi wa Katindo
Mti mgumu una jina. Na tarehe hujajibu.

Mkerezaji wa Birere
Sawa. Ni mkaliptusi, vipande vinavyobaki kwa jamaa wanaotengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Ulikatwa mwezi uliopita. Lakini chukudu ya mti huo huo inashuka na magunia ya makaa kutoka Kibumba na haivunjiki, kwa hiyo sioni kosa la mti.
Niseme na hili. Kuna shule imeniagiza 200 kwa wanafunzi wa mwaka wa sita, wapewe siku ya proklamasio, matokeo yakitangazwa, ndiyo hiyo tarehe 2. Prefe, mkuu wa shule, alinipa avansi ya dola 150, nikanunua mota ya kerezo. Nimeshaanza kuziba nyufa kwa gundi na unga wa mbao. Ukipaka vanishi huoni kitu. Nadhani itashika.

Mama Ushindi
Itashika mpaka lini? Mtoto aende nayo mtihani, impasukie mkononi? Pesa ya watu umekula, sasa unataka kuwapa na uongo juu yake. Hapana, mwanangu.

Mkerezaji wa Birere
Mama, sijamwibia mtu. Mota ni ya kazi hiyo hiyo yao.

Kivu Yetu
Ndugu zangu, mnajibu hadithi ya kutungwa. Kwanza biki na nyufa, sasa prefe na dola 150. Umeme wa Birere tunaujua, huyo mota anaizungusha na nini? Subirini siku mbili, ataweka namba ya simu tumchangie.

Mwana Sake
Eh! Na mimi nilianza kumhurumia.

Mkerezaji wa Birere
Kivu Yetu, njoo uone. Mota ni ya mashine ya kufulia, nimeifunga kwenye ubao wa mti wa libuyu. Mkanda ni mpira wa ndani wa baiskeli. Umeme ukirudi usiku saa nne nafanya mpaka saa tisa, ndiyo maana nilisema silali. Nikigusisha bobari, patasi ya kukerezea, maji yananirukia usoni, yananukia kama dawa ya kifua, na nyuzi za mti zinatoka ndefu, zinajizungushia kidoleni. Nitunge hayo kwa faida gani?

Fundi wa Katindo
Huyu hatungi. Na amejijibu mwenyewe: mti unaokurushia maji usoni ni mbichi. Ukikauka unasinyaa kwa unene, urefu karibu haubadiliki. Ndani kuna plastiki isiyosinyaa. Mti unabana, unabana, mwisho unapasuka. Chukudu nayo imejaa nyufa, ila hakuna anayeziangalia, ni boriti nene.
Kuhusu wino: angalia mwili wa biki, ubavuni pana kitundu kidogo. Hewa inaingilia hapo ili wino ushuke. Wewe umekiziba kwa gundi.

Mama Ushindi
Si kile cha kwenye mfuniko?

Fundi wa Katindo
Hapana mama. Cha mfuniko ni ili ukimkwama mtoto kooni aendelee kupumua.
Mkerezaji, acha mwili wa plastiki. Vuta ncha na mrija wake kwa koleo, pima unene, toboa mti kwa kipimo hicho, na uache kitundu cha hewa nyuma. Wino ukiisha unavuta mrija, unaweka mwingine. Mwana Sake, koti limepata mrithi. Krayo usigandishe kwa gundi kabisa, fanya kishikio kifupi cha kushikia kipande kilichobaki. Na tumia mti mkavu: fanicha ya zamani.

Kivu Yetu
Mkerezaji, nisamehe. Hayo maji ya usoni yamenigusa, baba yangu alikuwa seremala. Nyuma ya nyumba kuna mbao za kitanda chake cha mti wa muvula, tulikitoa ndani lava ya volkano ya 2002 ikishuka. Kwa 200 hazitatosha. Njoo Himbi kesho asubuhi, uje na msumeno.

Mkerezaji wa Birere
Aksanti, nitakuja. Nimetoka kwa prefe, nimemwambia yote, mpaka zile nilizoziba. Alishika moja, akapitisha ukucha juu ya ufa, akanyamaza muda mrefu. Ameuliza 60 zinaweza kuwa tayari tarehe 2, nyingine atajibu akiongea na wazazi.
Vile vya kaliptusi nimepaka nta ya mshumaa kwenye ncha, nimeviweka kivulini. Nimepima kimoja kwa mizani ya jirani anayeuza viungo: gramu 41. Nitapima tena jumapili, nione kama kinakauka.