Yule jamaa wa kuonjesha mvinyo Dodoma kampokonya mke wangu glasi MKONONI

Mume wa Mpunguzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika hapa gesti sijavua hata viatu, hasira zimenikaba koo. Wasimamizi naomba uzi huu msiuunganishe na mwingine wala msiupeleke jukwaa la mapishi. Uacheni hapahapa watu wausome.

Yule jamaa mnamjua. Kila aliyewahi kwenda kuonja mvinyo Dodoma anamjua, yule mwenye taulo begani anayeongea huku anaangalia simu. Simtaji, maana nikimtaja kesho atachapisha jina kwenye fulana. Leo kampokonya mke wangu glasi. Glasi, wakuu. Mkononi. Ina mvinyo ndani!

Hii wikendi tumeipanga muda mrefu. Watoto tumewaacha kwa bibi yao, jana tukapanda treni ya umeme pale stesheni ya Magufuli, hata usingizi haujakolea tunaambiwa tumefika Dodoma. Asubuhi tumezunguka Majengo duka kwa duka bila haraka, mama watoto anachagua ubuyu, karanga, zabibu kavu, kitenge, mimi nabeba mifuko na roho yangu nyeupe. Mama mmoja pale ana ndoo za ubuyu zimepangwa mpaka mlangoni, katuonjesha ndoo moja baada ya nyingine, wa sukari, wa pilipili, ule mweupe usio na kitu. Hajatudai senti na hajanuna tulipochukua wa aina moja tu. Yule mama hajasomea hoteli popote. Lishikeni hilo.

Mchana ndiyo tukaenda kwa huyo bwana. Tumelipa elfu kumi na tano kila mtu, risiti ninayo. Kipimo alichotumiminia, nzi akitumbukia anatoka hajalowa magoti. Sikusema kitu. Nikajisemea ndiyo kuonja kwenyewe huko.

Sasa mke wangu si mtu wa kusomewa zabibu kwenye karatasi. Kazaliwa Mpunguzi, kakulia kwenye shamba la baba yake, ameshika mkasi wa kupogolea akiwa darasa la nne. Alishakesha na mzee juu ya pikapu nje ya kiwanda, kreti zimejaa, foleni haisogei, kunakucha wanapima sukari, mzee anaambiwa haijafika, rudi nazo. Urudi nazo wapi na zimeshachumwa? Zabibu haimsubiri mtu juani. Huyo ndiye aliyekaa leo kwenye kiti, kaanza na mweupe wa Chenin Blanc, ananieleza kwa nini ukichelewa kuvuna unapoa mdomoni, halafu akashika ule mwekundu wa Makutupora, anaunusa anatabasamu. Nimekaa na huyu mwanamke miaka, tabasamu lile siliuzi kwa hela.

Mara ikaingia Coaster. Watu wa semina, vitambulisho shingoni, na wazungu kadhaa. Jamaa akabadilika hapohapo! Kumbe meno anayo, tena yote! Glasi zikapelea. Akaja mezani kwetu, hakuna samahani dada, hakuna naomba, akanyoosha mkono akaichukua glasi mama watoto anaipeleka mdomoni. "Hii ya wageni." Akamwaga mvinyo kwenye ndoo, akaifuta kwa lilelile taulo la begani, taulo limefuta meza tangu Mwalimu anatangaza makao makuu 1973, akaipanga kwenye trei. Lipstiki ya mke wangu iko ukingoni inaonekana! Mkono wake umebaki hewani, vidole vimekunjwa vilevile kama vimeshika kitu.

Nikamuuliza, kaka vipi? Akanijibu, "Bosi, nyie si mmeshaonja?"

Tumeshaonja! Baba mkwe kalima zabibu ujana wake wote, binti yake kapewa vijiko viwili vya mvinyo, tumeshaonja! Glasi imetolewa mkononi mwa Mgogo, Dodoma, zabibu za Dodoma, kapelekewa mtu aliyeshuka kwenye Coaster anauliza choo kiko wapi.

Tumetoka. Njia nzima hajaongea. Sasa hivi amekaa hapo anakula karanga anaangalia ukuta.

Mkononi, wakuu.

Kausha Tupite

Namba moja. Ngoja nivute kiti.

Kapuku Mstaafu

Yaani mmetoa elfu thelathini MKAONJE? Mkuu hiyo hela Chang'ombe unapata mvinyo wa dompo chupa nzima, mishikaki, na bodaboda ya kukurudisha ukiwa huwezi kutembea. Na glasi hakuna wa kukunyang'anya kwa sababu unanywea kikombe cha chai.

Binti Nkuhungu

Namjua huyooo! Mwenye kofia ya pama?

Mume wa Mpunguzi

Dada hana kofia. Ana taulo.

Binti Nkuhungu

Basi siye. Lakini na wa kofia naye ana dharau zake, alimuuliza mama yangu kama anajua kusoma.

Simba wa Ilazo

Swali la kizushi. Mke anapokonywa glasi, mume ulikuwa mkoa gani?

Mume wa Mpunguzi

Nilikuwa nimepakata mifuko ya Majengo. Ilikuwa dakika moja tu, kufumba na kufumbua glasi iko kwenye trei. Wewe ungefanyaje, ungemrukia na karanga mapajani?

Simba wa Ilazo

Ningemwagika na karanga zote. Ubuyu umeulinda, mke umemwacha 😂😂😂

Mwanakwetu 255

Chai hii. Hakuna picha, hakuna risiti, hakuna jina la kiwanda. Mtu mwenye taulo begani Dodoma wako laki tatu.

Mume wa Mpunguzi

Anayemjua keshamjua. Ukiona humjui, shukuru Mungu.

Mkulima Hombolo

Kijana pole, na umpe pole shemeji, mbukwenyi nyote. Ila nisikilize na mimi mwenye shamba. Zabibu huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, nchi nyingi za mvinyo zinavuna mara moja tu, kwa hiyo sisi tunalia mara mbili. Mzigo umechukuliwa, nimesainishwa kikaratasi, nikiuliza hela naambiwa mhasibu yuko safari. Huyo mhasibu angekuwa anatembea kwa mguu angeshafika Ulaya. Dawa za ukungu nimekopa dukani, vibarua wa kupogoa nimewalipa kwa mbuzi. Wewe umepokonywa glasi, mimi nimepokonywa kreti, na kreti zenyewe hawajarudisha.

Mume wa Mpunguzi

Mzee wangu shikamoo. Haya ndiyo ninayosema! Baba mkwe kapitia hayohayo. Halafu mtoto wake ananyang'anywa glasi.

Mkulima Hombolo

Marahaba. Kwani baba mkwe walimlipa lini? Mimi nataka kujua kama kuna aliyelipwa.

Mkata Kodi

Mzee uza mchuzi wa zabibu mwenyewe, kamua nyumbani uweke kwenye mapipa.

Mkulima Hombolo

Pipa la kuhifadhi unajua bei yake? Ukikamua bila chombo cha maana, wiki mbili unauza siki.

Mbongo wa Cape

Niko huku Cape, Afrika Kusini. Stellenbosch kuonja unalipia vilevile, lakini unawekewa glasi mezani inakuwa yako mpaka uondoke, na aliyekuhudumia anakaa anakueleza shamba liko upande gani wa mlima, udongo ukoje. Hawezi kukugusa mkono. Bongo huduma kwa mteja bado sana.

Kapuku Mstaafu

Mbongo wa Cape wewe glasi za Stellenbosch umezijulia mezani au kwenye sinki?

Mbongo wa Cape

Nilianzia kwenye sinki, sasa hivi nakaa mezani. Una lingine?

Kapuku Mstaafu

Sina mkuu. Heshima yako.

Mwalimu Mstaafu Bihawana

Vijana mnapiga kelele hata hamjui mlikotoka. Zabibu zilikuja na mapadre wa Kiitaliano hapa Bihawana miaka ya 1950, walitaka divai ya misa. Wananchi wakaona, wakaomba vipando, wakapanda. Ardhi yetu kame, mahindi yanakataa, mzabibu ukakubali. Enzi hizo padre akikukaribisha anakupa kikombe mkononi, na anakaa na wewe mpaka umalize.

Simba wa Ilazo

Mwalimu misa ilikuwa inaisha saa ngapi?

Al Habib wa Tanga

Mimi nasoma tu. Mngekwenda Tanga mkanywa juisi ya miwa yasingewakuta haya.

Mama Mapacha Kisasa

Pole kaka. Ila mimi nina langu, na mnisikilize maana ni kubwa kuliko glasi. Hizo gesti mnazolala nani anazidhibiti? Bunge likianza vikao chumba cha elfu thelathini kinaamka asubuhi ni sitini. Godoro lilelile, feni ileile inayolia usiku kucha, maji ya moto mpaka umpigie simu mtu anaitwa "kijana wa maji ya moto" na hapokei. Nilileta wakwe zangu mwezi wa nne, mapokezi wakaniambia vyumba vyote vya waheshimiwa. Mama mkwe kalala kwenye kochi langu na mgongo wake huo.

Mkata Kodi

Mama Mapacha umegusa penyewe. Mimi niliuziwa chumba, saa nne usiku nagongewa niambiwe kuna mheshimiwa anakihitaji, nihamie cha nyuma karibu na jenereta.

Mume wa Mpunguzi

Sawa wakuu, gesti nazo ni tatizo, ila turudi kwenye glasi. Ile lipstiki bado ilikuwa ukingoni. Kuna mtu wa semina kanywea lipstiki ya mke wangu!

Binti Nkuhungu

Lipstiki ya rangi gani?

Mume wa Mpunguzi

Ya zambarau. Inahusu nini?

Binti Nkuhungu

Nilikuwa nataka kujua kama inakaa. Zangu zote zinatoka nikinywa maji, hiyo imepita kwenye taulo ikabaki. Muulize kainunua wapi.

Mwanakwetu 255

😂😂😂 Uzi umeshaenda huu.

Dereva Bajaji Area C

Mimi nimewapeleka watu wengi hizo sehemu. Mkitaka kuonja vizuri nendeni siku za katikati ya wiki, asubuhi, hakuna Coaster. Jumamosi jamaa wote wanaangalia geti, wanasubiri wenye bahashishi. Ukiingia na bajaji yangu wanakuona huna kitu. Nimeshaambiwa nipaki nje abiria waingie kwa miguu, jua la saa nane, eti bajaji inachafua mandhari.

Mkata Kodi

Bei yako Majengo mpaka Makutupora kiasi gani?

Dereva Bajaji Area C

Njoo inboksi tuelewane.

Mkata Kodi

Hapo ndipo ninapoibiwaga mimi. Madereva wa bajaji Dodoma ukisema "mimi mgeni" bei inazaa mapacha.

Mama Mapacha Kisasa

Mwanzisha uzi, samahani, huyo mama wa ubuyu wa Majengo yuko upande gani? Mimi nimechoka na ubuyu wa rangi. Wanangu walikula wa barabarani, ulimi ukakaa mwekundu mpaka mwalimu akanipigia simu.

Mume wa Mpunguzi

Ukiingia kwa mbele, unawapita wauza vitenge, mkono wa kulia. Ana ndoo nyeupe. Ubuyu wake ni mzuri kwa kweli, wa pilipili ndiyo usiseme. LAKINI MADA NI GLASI.

Al Habib wa Tanga

Ubuyu ni Zanzibar. Una hiliki, una harufu, mtu anaupika kwa utulivu. Wa Dodoma mnakula unga na mbegu.

Mwalimu Mstaafu Bihawana

Kijana, mibuyu iko wapi? Ubuyu unaosifia umetoka kwetu kwenye magunia, mkauweka hiliki mkasema wenu.

Al Habib wa Tanga

Mwalimu nakuheshimu, lakini unga wa ngano nao unatoka mbali, na maandazi ni ya aliyeyaumua.

Kapuku Mstaafu

Wa Dodoma ule mweupe unaupiga kwenye uji, hauna mpinzani. Wa Zanzibar ni pipi.

Mkulima Hombolo

Mimi ubuyu ninao gunia mbili nyumbani, mkavu, haujatiwa kitu. Zabibu zikinikatisha tamaa nauza huo. Mnunuzi analipa hapohapo, hakuna mhasibu.

Mama Mapacha Kisasa

Mzee shikamoo, nitengee debe moja. Unaweza kuupandisha na Hiace mpaka Sabasaba?

Mkulima Hombolo

Marahaba mwanangu. Kesho ya saa kumi na mbili asubuhi. Nitamkabidhi konda.

Kapuku Mstaafu

Na mimi nusu debe mzee, nalipia kwa simu sasa hivi.

Mume wa Mpunguzi

Jamani glasi.

Binti Nkuhungu

Mzee Hombolo wa pilipili hamna?