Naomba ushauri: kubadilisha ndege Istanbul au London?

Mbeba_Begi: Wakuu, habari zenu. Kuna safari ya Oslo mwezi ujao na nimekwama pa kubadilishia ndege. Istanbul ni kusubiri masaa 9. London masaa 7, halafu bei yake nafuu kwa mbali. Mimi ni mtu wa viwanja vya ndege, uwanja mbovu unaniharibia safari kabla haijaanza. Changi ya Singapore naipa kumi kwa kumi. Kapeti hadi unasahau kama umevaa viatu, na yale maporomoko ya maji ndani ya lile jengo la Jewel, mita 40 kwenda juu! Nilikaa chini yake nusu saa nikisubiri ndege ya pili, wala sikuhitaji kupita uhamiaji. Doha naipa nane, lile sanamu la dubu la manjano lenye taa kichwani linanitia wasiwasi. Sasa swali dogo tu: Istanbul na London, wapi pana viti vya maana, vyoo safi na utulivu? Nijibuni haraka, bei isije ikaruka.

Kiti_cha_Dirishani: Istanbul, bila kufikiri mara mbili. Nasema ule uwanja mpya uliochukua nafasi ya uwanja wa Atatürk mwaka 2019, siyo ule wa Sabiha Gökçen kule upande wa Asia. Abiria wote jengo moja, hakuna cha kupanda basi kutafuta terminali nyingine. Ila andaa miguu, geti na geti kunaweza kuwa mbali hasa.

Dada_Kandambili: Usiniguse kwenye mambo ya viti. Kuna uwanja mmoja, jina naumeza, kila kiti kina mkono wa chuma ili mtu asijinyooshe. Nikalala chini, kichwa kwenye begi. Saa tisa usiku nafungua macho, mashine ya kusafishia sakafu inanguruma hatua moja kutoka sikioni. Yule kaka akasubiri nijivute, akasafisha nilipokuwa nimelala, halafu akanionyesha kwa mkono: haya, rudi. Nikarudi. Sakafu mbichi, ila inanukia.

Mzee_wa_Geti: London ipi, kijana? Kuna Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton, City. Unashukia wapi, unaondokea wapi? Na hiyo ni tiketi moja au mbili?

Mbeba_Begi: Mzee wangu, tiketi ni mambo ya baadaye, mimi nimeuliza ubora wa uwanja.

Mzee_wa_Geti: Jibu swali.

Mbeba_Begi: Kushuka Heathrow, kuondoka Gatwick. Tiketi mbili, kampuni mbili. Lakini masaa 7 si haba, na basi ni kama saa moja tu.

Mzee_wa_Geti: Ungeanza na hilo. Tiketi mbili maana yake begi halisafiri lenyewe hadi Oslo. Unapanga foleni ya uhamiaji, unalisubiri begi, unatafuta basi, unaomba Mungu barabara isifunge, Gatwick unaanza upya kukabidhi mzigo na kukaguliwa. Ukichelewa, kampuni ya pili haikujui. Na kutoka nje ya Heathrow ni kuingia Uingereza. Viza unayo?

Mbeba_Begi: Ya Schengen ipo.

Mzee_wa_Geti: Schengen ni ya Oslo. Uingereza haimo.

Mbeba_Begi: Hiyo viza ya kupita tu itaombwa, muda upo. Jamani msinitishe, watu wanafanya kila siku. Hata akichelewa kidogo kuna ndege ya jioni. Halafu kipande cha kwanza nimeshalipia na hakirudishwi.

Bwana_Utani: Kumbe hukuja kuomba ushauri, umekuja kuombewa dua.

Msomaji_Kimya: Mnakumbuka yule Mwirani, Mehran Karimi Nasseri? Aliishi Terminal 1 ya Charles de Gaulle, Paris, kuanzia 1988 hadi 2006. Makaratasi tu! Na mwaka 2022 alifia uwanjani hapohapo. Kila nikibadilisha ndege huwa naipapasa pasipoti mara tatu tatu.

Dada_Kandambili: Hebu ngojeni. "Hata akichelewa"? Nani huyo?

Mbeba_Begi: Ni mama. Ndiye anayesafiri. Ana miaka 71.

Dada_Kandambili: Kashawahi kupanda ndege?

Mbeba_Begi: Hapana. Ila ni mkakamavu kuliko nyie wote humu. Goti tu ndilo linamsumbua.

Ustaadhi_wa_Foleni: Subhanallah. Mama aliyekubeba miezi tisa, wewe unamtupa katikati ya London na begi lake. Vijana wa siku hizi mnapima kila kitu kwa bei.

Bwana_Utani: Ustaadhi, wewe nauli ya mama yako ulilipa lini?

Kipima_Chai: Wakuu, mnanyweshwa chai na hamuoni. Someni tena mwanzo. Eti alikaa chini ya maporomoko ya Jewel bila kupita uhamiaji. Jewel iko upande wa nje, mbele ya Terminal 1. Ukiwa unabadilisha ndege huwezi kukaa chini ya yale maji mpaka uingie Singapore kwanza. Bustani ya vipepeo Terminal 3 ndiyo iko ndani, angesema hiyo ningenyamaza. Huyu Changi hajafika. Na huyo mama tutajuaje kama yupo?

Bwana_Utani: Chai ya moto, sukari kajiwekea mwenyewe.

Kiti_cha_Dirishani: Nimejisikia mjinga kuandika yote yale.

Mbeba_Begi: Nimekaa nalifuta hili jibu tangu asubuhi. Changi sijafika. Doha pia. Ndege sijapanda, naangalia video usiku. Mdogo wangu kajifungua Oslo, anamtaka mama, na mama anaamini haya mambo nayajua, kwa hiyo kila akiuliza najibu. Nauli ya London ndiyo iliyonitosha. Mama yupo. Nilimwonyesha video ya Jewel, akauliza yale maji yote yanakwenda wapi. Hapo sikuwa na jibu.

Mzee_wa_Geti: Haya. Kipande ulicholipia kihesabu kimeliwa. Mkatie tiketi moja kupitia Istanbul, begi liandikwe hadi Oslo. Piga simu kampuni ya ndege, omba kiti cha magurudumu, usipungukie masaa 48 kabla ya safari. Atapokelewa mlangoni mwa ndege na kusukumwa hadi geti la pili. Watakuuliza: ngazi anapanda?

Mbeba_Begi: Anapanda akishika ukuta. Mwendo mrefu ndio hawezi.

Mzee_wa_Geti: Basi waambie WCHR, ndiyo alama ya abiria anayepanda ngazi ila mwendo mrefu hawezi. Wataelewa.

Dada_Kandambili: Na kandambili ziwe kwenye begi la mkononi, siyo lile kubwa. Miguu huvimba.

Kipima_Chai: Maji hukusanywa chini, pampu zinayarudisha juu. Ni yaleyale yanazunguka. Mwambie mama.